Kihisi cha gesi kinatoa namba za ajabu: dalili, visababishi na marekebisho

"Kihisi changu kimekufa." Ujumbe wa namna hii hunifikia mara kwa mara kutoka kwa wanafunzi, mafundi na watu waliofunga vipima hewa majumbani, na mara nyingi ukikipima kihisi unakikuta kizima. Umeme haukutosha, au hakikupewa muda wa kupata moto, au mwenye nacho alikitegemea kionyeshe gesi ambayo hakina uwezo wa kuitambua. Nimepanga dalili kufuatana na wingi wa malalamiko ninayosikia. Ndani ya kila dalili, kisababishi cha kwanza ndicho kinachokutwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo usiruke kwenda mwisho.

Kabla hujagusa waya

Kipimo kikionyesha kaboni monoksaidi iko juu, na ndani kuna jiko la mkaa, jenereta au gari linalounguruma, usianze kuchunguza kifaa. Toka nje na kila aliyemo, halafu ndipo ujiulize kama namba ile ni ya kweli. Gesi hii haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asivute zaidi ya miligramu 35 kwa mita ya ujazo kwa saa moja, sawa na takriban sehemu 30 kwa milioni (ppm). Watu wawili watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa, wakapata kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, hiyo inatosha kuwatoa nje hata kama kioo kinasoma sifuri.

Ukisikia harufu ya gesi ya mtungi, usiwashe wala kuzima taa, na usichomoe hata chaja ya kipimo chako, maana cheche ndogo inatosha kulipua. Fungua milango, funga valvu ya mtungi kama unaifikia kwa usalama, toka, kisha piga simu ukiwa mbali. Tanzania, Zimamoto ni 114.

Jua una kihisi cha aina gani

Vihisi vidogo vinavyouzwa kwa wingi ni vya koo tatu. Wa kwanza ni wa oksidi ya chuma inayopashwa moto: familia ya MQ, SGP30, CCS811, BME680. Gesi ikigusa oksidi hiyo ya moto, ukinzani wake wa umeme hubadilika. Wa pili hutumia mwanga: MH-Z19B na SCD41, ambavyo hupima kaboni dioksaidi kwa jinsi inavyofyonza mionzi ya infraredi. Wa tatu ni wa kikemikali, kijiseli chenye tindikali kinachotoa mkondo mdogo wa umeme kikikutana na gesi yake. Makosa ya ukoo mmoja hayafanani na ya mwingine, na ushauri wa MQ ukiupeleka kwenye MH-Z19B utapoteza siku nzima.

Dalili ya 1: Namba inaanza juu, kisha inashuka saa baada ya saa

Hii ndiyo inayoongoza, na karibu kila mara hutokea kwa ukoo wa oksidi.

Kisababishi cha kwanza ni haraka. Kihisi kipya, au kilichokaa kabatini miezi, kina unyevu na uchafu ulionata juu ya oksidi, na hita inahitaji muda kuuchoma. Kiwanda kinataka MQ-135 iwashwe zaidi ya saa 24 kabla ya kipimo cha kwanza cha maana, MQ-7 isipungue saa 48, na CCS811 saa 48 pia. SGP30 hutumia saa 12 za mwanzo kujitafutia msingi wake wa hewa safi, yaani namba ya kulinganishia. Kwa hiyo kiache kimewaka siku mbili mfululizo mahali penye hewa safi, bila kuzima, na usiandike namba yoyote. Baada ya hapo, kila ukikiwasha upya kipe dakika 20 hadi 30.

Cha pili ni umeme hafifu. Hita ya MQ moja hula takriban miliampia 150 kwenye volti 5, na pini ya volti 3.3 ya Arduino Uno, kikompyuta kinachosoma kihisi, hutoa miliampia 50 tu. Nimeona miradi mingi imechomekwa hapo. Hita inapata uvuguvugu badala ya moto, na namba inaelea siku nzima bila kutulia. Weka multimita kwenye miguu ya kihisi chenyewe, siyo kwenye chaja, huku kikiwa kimewaka. Ukisoma chini ya volti 4.9, badilisha waya wa USB kwanza, maana waya mrefu na mwembamba hula volti njiani. Kisha jaribu chaja ya ampia 2.

Cha tatu kinawahusu wenye SGP30. Kihisi hiki kikizimwa husahau msingi wake. Programu iusome kila saa na kuuhifadhi, kisha iurudishe kikiwashwa tena. Msingi uliohifadhiwa zaidi ya siku saba usiurudishe. Anza upya zile saa 12.

Dalili ya 2: Jikoni wanakaanga vitunguu, kipimo kinapiga kelele kuwa hewa ni sumu

Kifaa hakijaharibika. Oksidi ya bati iliyopashwa moto huitikia karibu kila mvuke unaoungua: spiriti ya kusafishia mikono, manukato, moshi wa udi na ubani, mafuta yanayokaangwa, harufu ya rangi mbichi, hata ndizi zilizoiva kupita kiasi. Haiwezi kukuambia ni upi. Muuzaji aliyeandika kwamba MQ-135 inapima kaboni dioksaidi amekupotosha. Imeundwa kuitikia mvuke kama amonia, benzini, pombe na moshi.

Hapa nakaza sauti kwa sababu kosa hili linaingia kwenye ripoti za wanafunzi kila mwaka. SGP30 na CCS811 nazo hutoa namba inayoitwa kaboni dioksaidi, lakini hiyo ni makadirio. Kihisi hupima mvuke mwingine, kisha hukisia kaboni dioksaidi ingekuwa kiasi gani kama mvuke huo wote ungetoka kwa watu waliomo chumbani. Fungua chupa ya spiriti karibu nacho na "kaboni dioksaidi" itaruka hadi maelfu wakati hewa haijabadilika. Ukitaka kujua kama darasa lina hewa ya kutosha, nunua kihisi cha mwanga. Hakuna programu itakayoigeuza MQ-135 kuwa kitu hicho.

Kisababishi kinachofuata ni unyevu na joto. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, ukinzani wa oksidi hushuka na programu hutafsiri kwamba gesi imeongezeka. Michoro ya kiwanda kwa MQ-135 ilichorwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 65, na Tanga au Mombasa wakati wa masika hali hiyo huipati kirahisi. Chukua daftari, andika namba ya kihisi pamoja na unyevu kwa siku mbili. Zikipanda na kushuka pamoja, umempata mchawi: ongeza kihisi cha unyevu, kisha uweke marekebisho kwenye programu.

Dalili ya 3: MQ-7 inaonyesha kaboni monoksaidi isiyoaminika

MQ-7 imeundwa kufanya kazi kwa mzunguko: sekunde 60 hita ikiwa volti 5 ili kujisafisha, kisha sekunde 90 ikiwa volti 1.4, na kipimo husomwa mwishoni mwa awamu hiyo ya baridi. Vibodi vingi vya bei nafuu (vibao vidogo vinavyobeba kihisi) vinailisha volti 5 moja kwa moja, muda wote. Matokeo yake ni kihisi kinachoitikia hidrojeni na mvuke wa pombe huku kaboni monoksaidi kikiipima ovyo. Marekebisho ni kuongeza transista ya kuendesha hita na programu ya kuhesabu mzunguko, na uthibitishe kwa multimita kwamba volti 1.4 zinafika kweli.

Simama hapa kama lengo lako ni kulinda watu waliolala. Kifaa ulichojiundia ni cha kujifunzia. Chumba cha kulala kinahitaji king'ora kilichopimwa kwa kiwango cha EN 50291 au UL 2034, chenye tarehe ya mwisho wa matumizi nyuma yake. Na mkaa unaowaka hautakiwi kuingia chumba cha kulala, king'ora kiwepo kisiwepo.

Dalili ya 4: Kaboni dioksaidi inasoma chini ya 400, au inashuka wiki baada ya wiki

Hewa ya nje duniani sasa ina zaidi ya ppm 420 za kaboni dioksaidi. Kwa hiyo ukiona 350, kipimo kimekosea. Swali ni kwa nini, na majibu yako matatu.

La kwanza ni kujisawazisha chenyewe. MH-Z19B hutoka kiwandani ikiwa na utaratibu uitwao ABC: kila baada ya saa 24 huichukua namba ya chini iliyoiona na kuihesabu kuwa ndiyo ppm 400. SCD41 ina utaratibu wa jinsi hiyo, nao unahitaji hewa safi angalau mara moja kwa wiki. Ofisini ambako watu huondoka jioni na madirisha hufunguliwa, mpango huu unafanya kazi vizuri. Weka kihisi hichohicho kwenye bweni lisilo tupu usiku na mchana, banda la kuku, au chumba cha kulimia uyoga, nacho kitadanganyika: hewa ya chini kabisa mle labda ni 800, kihisi kinaiita 400, na kuanzia hapo kila kipimo kinapungua. Mwenye bweni anaona 700 anafurahi, kumbe watoto wanavuta 1,100.

Zima ABC. Kwa MH-Z19B, tuma baiti hizi tisa kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde: FF 01 79 00 00 00 00 00 86. Kisha kipeleke nje, mbali na barabara na pumzi yako, kiache kama dakika 30 hivi, ndipo ukisawazishe kwa mkono.

La pili ni mwinuko, na hili wengi wa bara hawalijui. Kihisi cha mwanga huhesabu molekuli zilizo kwenye kijichumba chake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Molekuli zimepungua kwa kiwango hichohicho, kwa hiyo hewa safi ya nje ambayo pwani ingesoma 425 huko inaweza kusoma karibu 345 kama hujamwambia kihisi kiko wapi. Arusha na Mbeya nazo zimo humo, na Lushoto pia. SCD41 ina amri ya kuwekewa mwinuko. Iweke wakati kipimo kimesimamishwa, na uihifadhi kwenye kumbukumbu ya kudumu, la sivyo umeme ukikatika itarudi kwenye mita sifuri. Ukiwa na BME680 pembeni, vizuri zaidi: inapima kanieneo, na unaweza kumpa SCD41 namba hiyo wakati wote inapofanya kazi. Usijaribu kulitibu tatizo hili kwa kusawazisha nje peke yake kabla ya kuweka mwinuko.

La tatu ni kugusa bila kukusudia. Mguu wa HD wa MH-Z19B ukiunganishwa na hasi kwa sekunde 7 au zaidi, kihisi huamini kimo kwenye hewa safi na kujisawazisha papo hapo. Waya uliolegea ndani ya boksi unatosha. Kama huutumii mguu huo, ufunike kwa utepe wa umeme.

Dalili ya 5: Namba imeganda

Kila namba iliyoganda ina maana yake.

400 na 0 kwenye SGP30: sekunde 15 za mwanzo ni kawaida. Ikiendelea, programu yako haiagizi kipimo kila sekunde, labda kwa sababu inasubiri intaneti. Tenganisha kazi hizo mbili.

1023 kwenye Arduino Uno: volti zimefika kileleni. Ama gesi ni nyingi kweli, ama waya wa analogi umeguswa na chanya. Kitoe kihisi kwenye bredibodi ukague miguu.

4095 kwenye ESP32 (kikompyuta kingine kama Arduino, chenye Wi-Fi): kibodi cha MQ kinaweza kutoa hadi volti 5, na pini za ESP32 zimetengenezewa 3.3. Zima mara moja kabla hujaunguza pini. Weka resista mbili za kugawanya volti, ohm 10,000 upande wa kihisi na ohm 20,000 kwenda hasi, na ukumbuke kwamba zitaingia kwenye hesabu ya resista ya mzigo, ile ya kwenye kibodi inayogeuza ukinzani wa kihisi kuwa volti.

Sifuri au namba za kipuuzi pindi Wi-Fi inapowaka: umetumia pini za ADC2 (mojawapo ya makundi mawili ya pini za kusoma volti), ambazo ESP32 huzihitaji kwa ajili ya Wi-Fi. Hamia pini 32 hadi 39.

Dalili ya 6: Programu inasema kihisi hakipo

Anza na waya, kwani pini ambazo hazikulehemiwa ndizo zinazoongoza. Kuzichomeka tu kwenye matundu hakutoshi. Kisha angalia kama SDA na SCL, waya mbili za mawasiliano, zimebadilishana. Endesha programu ndogo ya kutafuta anwani: SGP30 huonekana kwenye 0x58, SCD41 kwenye 0x62, BME680 kwenye 0x76 au 0x77, CCS811 kwenye 0x5A au 0x5B. CCS811 isipoonekana, mguu wa WAKE haujaunganishwa na hasi. SCD41 mbili haziwezi kukaa laini moja kwa sababu zina anwani ileile. Waya ukizidi nusu mita mawasiliano huanza kukatika. Ufupishe, au punguza kasi.

Dalili ya 7: Vihisi viwili vya aina moja havikubaliani

Kwa MQ, usitegemee vikubaliane bila kuvisawazisha kimoja kimoja. Kiwanda chenyewe kinasema ukinzani wa MQ-135 kwenye ppm 100 za amonia unaweza kuwa popote kati ya kilo-ohm 30 na 200, yaani tofauti ya karibu mara saba kati ya vihisi vyote vizima. Kwa MH-Z19B kosa linalokubalika ni ppm 50 pamoja na asilimia 5 ya kipimo. Hewa ikiwa 1,000, kimoja kinaweza kusema 900 na kingine 1,100, vyote vikiwa sahihi.

Tofauti ikizidi hapo, angalia resista ya mzigo kwenye kibodi cha MQ. Vingi vina kijiresista kilichoandikwa 102, ambacho ni ohm 1,000, wakati programu uliyoinakili mtandaoni inadhani ni 10,000 au 20,000. Hapo jibu linapotoka mara kumi au ishirini. Weka thamani halisi kwenye programu, au badilisha resista.

Halafu kagua mahali. Weka vyote meza moja, urefu wa mita moja hadi moja na nusu, mbali na dirisha na feni, saa 24. Kama vinakubaliana mezani na kugombana ukutani, ukuta ndio wenye habari. Kihisi cha gesi ya mtungi hakimo kwenye kanuni hii: propani na butani ni nzito kuliko hewa, hivyo kikae karibu na sakafu.

Ukitaka namba hizi zikusaidie kwenye malalamiko dhidi ya kiwanda au jirani, acha kurekebisha na umtafute mtaalamu mwenye vifaa vilivyothibitishwa, au uende kwa wasimamizi wa mazingira, NEMC kwa Tanzania na NEMA kwa Kenya. Namba zako zitawaonyesha waanzie wapi na saa ngapi.

Dalili ya 8: Kilikuwa kizima, sasa hakiitikii chochote

Kwanza gusa kofia ya MQ baada ya kuiwasha kwa dakika tano. Ikiwa baridi, pima ukinzani kati ya miguu ya hita, umeme ukiwa umezimwa: takriban ohm 30 ni salama; mita isiposoma kitu, hita imekatika na kihisi ni cha kutupa.

Ikiwa ya moto lakini kimya, fikiria silikoni. Mvuke wa gundi ya silikoni, ile ya kuziba vioo na masinki, huacha tabaka la silika juu ya oksidi na kuiziba daima. Nilipoteza vihisi vitatu kwa siku moja kwa kuziba boksi la nje kwa gundi hiyo vihisi vikiwa ndani na vimewaka. Iliniuma, kwa sababu lile boksi lilikuwa la shule. Dawa za nywele na baadhi ya vipodozi vina silikoni pia. Ziba boksi kwanza, liache siku kadhaa likauke wazi, ndipo uingize vihisi; au tumia mpira wa kubana badala ya gundi.

Masizi na mafuta ya kupikia yana nafuu: kihisi kikiachwa kimewaka kwenye hewa safi saa 24 hadi 48 huweza kurudi. Pwani, chumvi hula miguu ya kibodi. Ukiona ukungu wa kijani, safisha kwa spiriti na mswaki laini umeme ukiwa umezimwa, na usiruhusu spiriti iingie kwenye wavu wa kihisi.

Seli za kikemikali huisha kwa umri tu, hata zikikaa kabatini, na ukavu wa muda mrefu huziua mapema. Soma tarehe ya kutengenezwa. Usiifungue kamwe kuona ndani. Nyingi zina tindikali ya salfa. Ikivuja, vaa glavu, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, nawa kwa maji mengi kama imekugusa, na umpelekee mtu anayepokea taka za kemikali au betri. Kibodi ilichokaa nacho usikitumie tena, kwa kuwa tindikali iliyopenya chini ya vipande huendelea kula shaba polepole.